Ua la Vitundu Vinne

Mpelelezi aliweka mezani kofia ya mtoto wa kiume wa Wahida, aliyeuawa na gari lililokimbia, na kando yake picha ya bampa la gari la kaka yake Wahida. Kwenye plastiki ya bampa palibaki alama ya vitundu vya darizi. Kaka alisema aligonga mbuzi, njia ya Msata.

"Kofia za mkono zinafanana, mama," alisema mpelelezi kwa upole. "Wewe ndiye uliyeishona hii. Itazame alama."

Wahida alipitisha kidole ua baada ya ua, mpaka ua lenye vitundu vinne badala ya vitano. Alilikosea mwenyewe. Alipotaka kulifumua, mwanawe alimzuia: "Liache, mama, nisije nikabadilishiwa msikitini."

Lilikuwapo kwenye kofia. Lilikuwapo kwenye bampa.

Dirishani alimwona kaka yake amekaa kwenye benchi, amempakatia mkoba wake. Juzi ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea mtoto, akamlaza, akalia kuliko wote.

"Basi, mama, niandike nini?"

Wahida aliikunja kofia taratibu, kama inavyokunjwa ya kuvaliwa kesho.

"Andika kwamba mbuzi huyo nilimzaa mimi."