Sababu ya Kuondoka

Mimi nilipoacha ukocha wa timu ya wasichana pale chuoni, nilirudisha kila kitu, mpaka firimbi, na sikugeuka nyuma hata mara moja.

Katibu alinisogezea fomu. Penye "Sababu ya kuondoka" alikuwa ameshanijazia: kulea mtoto.

"Mtoto yupi, dada? Mimi hata paka sina!"

"Makocha wa kike wote ndivyo ninavyowaandikia. Wa kiume naandika 'amepata kazi bora'. Hakuna aliyewahi kulalamika."

Nikachukua kalamu yake mwenyewe, nikakata yale maneno. Nikaandika kwa herufi kubwa: WASICHANA WANAPEWA UWANJA SAA SABA MCHANA, WAVULANA JIONI. NIMECHOKA KUOMBA. Nikasaini mpaka karatasi ikatoboka.

"Mkurugenzi atakasirika!"

"Aje akasirikie uwanjani, saa saba, bila viatu."

Nikatoka kifua mbele. Wasichana wangu walikuwa wanafanya mazoezi peke yao, juani. Nikapita kando ya uzio kama siwajui.

Mmoja akakanyaga mstari. Firimbi ikalia. Wote wakasimama, wakanigeukia.

"Kocha," nahodha akaita, mikono kiunoni, "si tumeambiwa umeacha kazi? Na hiyo mdomoni ni nini?"