Nyumba ya Mlango Mmoja

Hii hutaiamini, lakini usishushe simu kwanza. Mtu aliomba mlango. Mlango tu, tena wa kwenye gemu. Akachekwa mpaka na watu wa Mwanza.

Aliyeombwa ni Andongwisye, sisi tunamwita Ando, kijana wa hapa Tukuyu aliyejifunza kompyuta mwenyewe. Gemu yake inaitwa Kimbia Mgambo. Wewe ni machinga, unapenya sokoni, unapenya vichochoroni, mgambo akikuona tu umekwisha. Sasa wiki hiyo alikuwa katoa apdeti kali, Jenga Mwenyewe. Unatengeneza steji yako, unaweka nyumba, miti, unamkalisha mgambo unapotaka, halafu unawarushia wenzako wacheze.

Komenti zikamiminika.

"Kaka umeua!"

"Ongeza mbwa."

"Mto wangu unapanda mlima, rekebisha."

Katikati ya hizo ikaingia moja ya Mgeni. Hilo ni jina ambalo gemu inampa yeyote asiyejisajili. "Nyumba inakubali mlango mmoja tu. Naomba wa pili, kwa nyuma."

Ando akajibu hapo hapo, mbele za watu: "Mlango wa nyuma wa nini, bro? Unamtoroka mkeo?"

Aisee, watu walicheka! Ando akaenda kula nyumbani anacheka peke yake njiani.

Nyumbani akamkuta mkewe, Tulia, kwenye cherehani yake sebuleni, anashona sare za shule. Hapo ndipo anapokaa kutwa.

"Baba hajanywa chai tena," Tulia alisema. "Nimegonga, nimeiweka mlangoni, nikageukia ukutani. Kikombe kimejaa mpaka sasa. Au chai yangu mbaya?"

Mkamwana wa Kinyakyusa haonani uso kwa uso na baba mkwe. Ni heshima. Tulia kasoma Mbeya, ana diploma, lakini mila hiyo anaishika, na Ando alikuwa anatamba nayo kwa washikaji.

"Chai yako haina shida. Mzee anadeka."

Mzee Ambindwile aliletwa kutoka Kisondela baada ya mvua kuangusha ukuta wa nyumba yake. Ando kampa chumba cha nyuma, godoro jipya, na simu yake ya zamani, ile aliyokuwa anajaribia gemu, yenye bando, asikilize redio. Mtoto gani wa siku hizi anafanya hivyo?

Akagonga. "Baba, kunywa chai!"

"Ndaga, asante, mwanangu. Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Hata maji hunywi! Midomo imekupasuka."

"Nirudishe Kisondela."

"Kwenye nyumba iliyoanguka? Watu waseme nimekutupa?"

Mzee akaongeza sauti ya redio.

Ando aliporudi kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu, alikuta Mgeni karusha steji. Na watu wamewaka.

"Haichezeki! Korido moja, mlango mmoja, mgambo kakaa sebuleni haondoki mpaka jioni. Unatokaje?"

"Eti ufike kwenye kijumba nyuma ya mparachichi. Kuna hela huko?"

"Hakuna kitu! Nimechungulia."

Simon, anayefanya naye kazi pale kibandani, alikuwa hoi. "Huyu Mgeni wako kachanganyikiwa, mwanangu."

Ando akaichukua ile steji, akaibandika juu kabisa kila mtu aione. Akaandika: STEJI MBOVU YA WIKI.

Mgeni hakutukana. Akaandika taratibu, neno moja moja: "Samahani. Aliyekaa pale si mgambo. Ni mtu mwema sana. Nimeweka mgambo kwa sababu hamna mtu mwingine. Naomba uweke mtu ambaye si adui, ila huruhusiwi kuonana naye."

"Kama ni mwema, mwambie akupishe!" Ando akajibu.

Vicheko vikashuka kama mvua ya huku kwetu.

"Siwezi kumwambia. Ni aibu. Cheza mwenyewe utaona," Mgeni akaandika.

"Icheze basi, tucheke," Simon alisema, akavuta kigoda.

Ando akafungua. Machinga kasimama chumba cha nyuma, pembeni ya kitanda. Akamtoa koridoni. Mgambo huyo, kakaa mezani karibu na dirisha. Umekwisha. Akajaribu kunyata na ukuta. Umekwisha. Akajaribu kukimbia. Simon anagongagonga meza kwa kucheka.

"Ngoja niione yote," Ando alisema, akaisogeza picha mbali ili steji nzima ionekane.

Pipa la maji chini ya bati. Mparachichi mmoja, umeinamia kushoto. Uzio, umebomoka kona ya juu. Na kile kijumba nyuma ya mti, mlango wake umepakwa bluu.

Ando akaacha kucheka.

Rangi ile ya bluu ilibaki walipopaka kibanda hiki. Aliibeba mwenyewe nyumbani ndani ya kopo.

"Vipi?" Simon aliuliza. "Hicho kijumba ni nini?"

"Choo changu."

Simon akamwangalia, hajaelewa. Simu ikatetemeka mkononi mwa Ando. Komenti mpya, na chini yake watu walishaanza kuweka vikatuni vya kucheka:

Mgeni: "Basi, mwanangu. Nirudishe tu Kisondela."

Haya, niambie wewe unayesoma. Ungekuwa Ando, ungegonga mlango wa chumba kile, halafu useme nini?