Roboti Aliyeomba Kushindwa

Siku hizi mtoto aliyeunda roboti hafungui mdomo mbele ya majaji wa mashindano. Roboti hujieleza mwenyewe. Basi Mwajuma alikaa kwenye viti vya wazazi, akimtazama Kidole, roboti wa kuchambua mchele aliyeundwa na binti yake, Riziki.

"Kwa nini tukupe ushindi?" jaji aliuliza.

"Naomba msinipe," Kidole alijibu. "Mshindi hupelekwa chuo cha mbali miaka saba, yeye na roboti wake. Mama Riziki hujikaza mbele ya mwanawe. Tukibaki wawili na ungo, huniambia hajui atampikia nani."

Mwajuma alijifunika uso kwa ncha ya khanga.

Majaji hawakubishana. Walisema hawajawahi kuona roboti mwenye huruma kiasi kile, wakampa nafasi ya kwanza.

Riziki alimjia mama yake na medali mkononi, macho yamemlowa. "Mama, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, mwanangu? Hongera."

Jumatatu Riziki na Kidole waliondoka. Jioni Mwajuma alichukua ungo, akafunua debe la mchele. Ulikuwa umeshachambuliwa wote, hadi wa chini kabisa. Kidole hakumwachia hata chuya moja ya kumshughulisha.