Nakala ya Tisa

Siku hizo neno likishaandikwa halikufutika. Kwa kila ndugu, ulikuwa na faili moja tu la kumwandikia. Ukibadilisha barua na kuhifadhi, nakala mpya inakaa juu ya ile ya zamani, pamoja na sababu ya kubadilisha, na ukituma, mwenzio anazipata zote.

Bi Mgeni hakulijua hilo alipoanza kumwandikia mdogo wake Mwanaheri. Walikuwa wamenuniana tangu arobaini ya mama yao, kwa ajili ya kanga za marehemu. Alitema nyongo kwanza, kama walivyozoea kwao, ndipo asalimie. Akahifadhi. Kisha akapunguza, akapoza, hata nakala ya tisa ikawa salamu tupu na mwaliko wa Idi.

"Mama, huku chini, nakala ya kwanza, umemwita mwizi wa maiti!" bintiye Saumu alishtuka.

"Si nimebadilisha? Andika sababu: hasira zimeisha."

"Sababu naandika. Neno ndilo halitoki, mama."

"Basi tuma. Nimechoka."

Siku ya Idi, Bi Mgeni alikaa mkekani akichambua mchele, mgongo ukimuuma. Asubuhi kibao chake cha barua kikawaka: Mwanaheri amefungua nakala ya kwanza. Wakangoja. Mpaka adhuhuri alikuwa hajaigusa ya pili, sembuse ya tisa.

"Labda anasoma polepole," alisema Saumu.

Bi Mgeni alipima mchele wa watu wawili, kisha akaongeza konzi ya mtu wa tatu.