Kuhani Asiyetaja Jina

Shujaa alikuwa anakata roho, na kuhani aliyetakiwa kumponya akamaliza tena maombi yake kwa jina la Yesu.

"Mwalimu, mbona hivyo tena?" alisema Ngassa, msimamizi wa mchezo huu wa mezani ambao kila mchezaji huigiza mhusika wake kwa karatasi na dadu. "Kuhani wako anamtumikia mungu wa mvua. Huyo ndiye anayempa nguvu. Ukimwomba mwingine hupati kitu."

Kila Jumamosi, kwenye baraza la steshenari ya Ngassa hapo Bariadi, yalikuwa hayo hayo. Mama huyu, mwalimu wa shule ya Jumapili, aliuchagua ukuhani mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Ngassa alishampunguzia alama za imani mara nyingi, hadi kisanduku cha alama hizo kwenye karatasi yake kikatoboka kwa kufutwafutwa.

"Mama, litaje tu jina la huyo mungu," alisihi mume wa mwalimu, mwenye yule shujaa. Shujaa huyo alikuwa amemchezesha miezi saba. "Ni mchezo."

"Najua ni mchezo."

"Sasa?"

Mwalimu alilitazama dadu lenye pande ishirini kiganjani mwake; angelitaja jina, angeruhusiwa kulirusha ili kumponya shujaa. Machozi yalimlengalenga, kwani alimpenda yule shujaa hata kuliko mumewe, mwenye shujaa, alivyompenda. Akaliweka dadu mezani taratibu, kama anayerudisha yai kwenye kiota cha kuku.

"Basi afe," alisema.

Ngassa akashusha pumzi. Akaivuta ile karatasi, na kwa kuwa kisanduku hakikuandikika tena, akaandika pembeni: Imani, ishirini kwa ishirini.

Kisha akaliokota dadu, akalirusha mwenyewe.