Ziwa la Ukutani

Okwach alisaga kidonge cha mwisho cha buluu ya kufulia, akakikoroga na uji wa muhogo, akaupaka ukuta kwa kiganja mpaka wote ukawa ziwa.

Lilikuwa la bintiye. Ayoo alizaliwa huku porini, mwaka mmoja baada ya lori la serikali kuwatoa wazazi wake ufukweni mwa ziwa, Nyegezi, na kuwashusha kwenye kijiji cha ujamaa, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Kila jioni aliuliza ziwa likoje. Okwach, aliyewahi kupaka rangi mitumbwi ya ufuko mzima, aliona aibu kukosa jibu.

Mkewe akaingia na ndoo kichwani. Akaitua taratibu, akautazama ukuta.

"Hili ziwa la wapi, Baba Ayoo?"

"Letu."

"Letu halikuwa hivi. Asubuhi lilikuwa la kijani, kama majani ya matete. Jua likipanda linang'aa kama bati. Buluu ni ya ramani za shuleni." Aliyasema kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake pole ya msiba. "Umelisahau."

"Sijalisahau."

Mtoto alikuwa ameshabandika viganja vyote viwili ukutani, anacheka, rangi imemkolea hadi kwenye kucha.

Okwach akafumba macho, alitafute lile la kweli. Akaipita nyumba yao iliyovunjwa, akaipita mitumbwi, akateremka mpaka majini.

Maji yalikuwa ya buluu.