Kipengele cha Tisa

Fomu ya ridhaa ya Kiingereza ilikuwa na kipengele cha tisa. Ya Kiswahili iliruka kutoka cha nane hadi cha kumi, na mkalimani Lamwaka aligundua hilo kipaza sauti kikiwa tayari mkononi.

Mbele yake, wake wa polisi wa kambi ile ya Nakawa walikuwa kwenye foleni, mikono ya magauni imepandishwa, wakingoja kutolewa damu ya utafiti. Kambini, mtu akiambiwa apange mstari, hupanga.

"Daktari, cha tisa kiko wapi?"

"Hicho ni cha wanasheria, nyabo. Kitawachanganya bure."

Mama wa kwanza alikuwa ameshachovya kidole gumba kwenye wino wa zambarau. Kilikuwa kinashuka kwenye karatasi.

"Mguu sawa!"

Sauti iliyomtoka Lamwaka ilikuwa ya baba yake, sajini wa gwaride. Foleni nzima ikasimama wima. Kidole kikabaki hewani. Akatafsiri bila haraka: "Cha tisa, mama zangu. Damu yenu itapelekwa ng'ambo, na vinasaba vyake vyaweza kuuzwa bila ninyi kuulizwa tena."

Mama yule akakitazama kidole chake. Kisha akakifuta, taratibu, kwenye koti jeupe la daktari.